BMW, baruti ya usukani na barua isiyofika Kasumbalesa

Lubumbashi. BMW M3 ya mwaka wa 2003 ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye pesa anayependa mwendo wa kasi. Miaka 20 baadaye, mwezi wa Mei 2023, kampuni iliwaambia wenye magari wa Marekani neno lisilosikika mara nyingi: msiyaendeshe, yaacheni mahali yalipo. Onyo lilihusu magari karibu 90,000 ya miaka ya 2000 hadi 2006, M5 na X5 zikiwemo.

Ubaya haukuwa katika injini. Ulikuwa katika usukani, kwenye mfuko wa hewa wa kampuni ya Takata ya Japani. Nyuma ya mfuko kuna kopo dogo la chuma lenye baruti. Gari likigonga, baruti inawaka na mfuko unajaa kabla jicho halijapepesa. Lakini joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu. Siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinampiga dereva shingoni. Marekani pekee watu zaidi ya 25 wamekufa hivyo, wengine katika ajali ndogo ambazo wangetoka wazima.

Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka wa 2008. Toyota, Nissan, Mazda na wengine wakafuata. Takata ilisita sana. Mwaka wa 2015 ndipo ilikubali kasoro katika magari karibu milioni 34 ya Marekani, na mwaka wa 2017 ikakiri udanganyifu mahakamani, kisha ikafilisika.

Mwito wa namna hiyo huenda kwa barua, kwa mtu ambaye kampuni inamjua. Gari likiuzwa, likashuka bandarini Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, barua inabaki Japani au Dubai. Mnunuzi wa Lubumbashi haioni, sembuse familia iliyokimbia vita na kupanda gari la kukodi.

Kinachosafiri na gari ni namba ya shasi. Kwenye BMW iko pembeni chini ya kioo cha mbele, herufi na tarakimu 17, na tovuti ya kampuni huijibu bila malipo. Fundi wa barabarani asifungue usukani kulitafuta kopo. Linaweza kulipukia mikononi. Wala taa ya mfuko wa hewa ikizimika vizuri si dalili ya usalama: kompyuta ya gari hupima waya, haipimi baruti.