Basari za shule za Kikatoliki Masii

Basari ni msaada wa karo anaopewa mwanafunzi kwa kuzingatia uhitaji wa familia yake. Masii, mji wa eneo bunge la Mwala katika Kaunti ya Machakos, uko chini ya Jimbo Katoliki la Machakos, lililoundwa mwaka 1969.

Shule nyingi za umma zinazohusishwa na Kanisa ni shule za ufadhili tu: walimu huajiriwa na serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataja msaada wa kifedha miongoni mwa majukumu ya mfadhili, kama Kanisa, bila kuweka kiwango. Serikali ilipandisha mgao wa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hadi shilingi 22,244 mwaka 2018. Gharama za bweni hubaki kwa mzazi, na hapo ndipo basari huhitajika zaidi.

Mwombaji kwa kawaida huambatisha ripoti ya matokeo, muundo wa karo, barua ya chifu na, kwa yatima, hati ya kifo cha mzazi. Paroko au viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo wanaweza kuthibitisha hali ya nyumbani. Ushahidi huo una uzito, kwa kuwa mkulima anayetegemea mvua hana hati ya mshahara. Hata hivyo, unaweza kumwacha nje asiyefahamika jumuiyani. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyoanzishwa 2003, kwa upande wake hutoa basari bila kujali dhehebu, na hundi huandikwa kwa jina la shule.