Kwa nini Tata Steel ilizima matanuri ya Port Talbot?

Septemba 30, 2024, kampuni ya India, Tata Steel, ilizima tanuri lake la mwisho la kutumia makaa ya mawe huko Port Talbot, Wales. Hicho ndicho kiwanda kikubwa zaidi cha chuma nchini Uingereza. Tunaeleza sababu zake.

Kwanza ni hasara. Tata, iliyoinunua kampuni ya Corus mwaka 2007, ilisema kiwanda hicho kilikuwa kikipoteza zaidi ya pauni milioni 1 kwa siku.

Pili ni soko. China huzalisha zaidi ya nusu ya chuma chote duniani, na ziada yake hushusha bei.

Tatu ni gharama za kutoa hewa ya kaboni.

Kwa hiyo Tata iliamua kujenga tanuri la umeme la kuyeyusha vyuma chakavu, kwa pauni bilioni 1.25, serikali ikichangia milioni 500. Tanuri hilo linahitaji wafanyakazi wachache: kampuni ilitangaza kupunguza takriban ajira 2,800 Uingereza, nyingi zikiwa Port Talbot.

Lakini umeme wa viwandani Uingereza ni ghali. Bei hiyo ndiyo itakayoamua kama ajira zilizobaki zitadumu.