Safu ya Lugha: Kiasi si Kidogo

Juzi sokoni Karatina nilisoma bango juu ya bomba: "Tumia maji kwa kiasi." Mwuza viazi akamfafanulia mteja wake: yaani utumie kidogo tu. La, mama. Bango liko sawa, maelezo ndiyo yanayopotosha. Neno kiasi limetokana na Kiarabu, qiyas, yaani kipimo. Mwenye kiasi hupima: ndoo moja ikitosha, hachoti ya pili, mbili zikihitajika, huchota mbili bila kosa. Biblia ya Kiswahili, katika Waraka kwa Wagalatia, inakitaja kiasi miongoni mwa matunda ya Roho. Uchache mtupu usingepata heshima hiyo. Wala usikichanganye na wastani, ambao ni wa katikati tu, kama alama za mtihani.

Wafuasi wa Tao huko China wamelishika wazo hili tangu kale: ujue panapotosha, usimame hapo, uende na maumbile badala ya kushindana nayo. Hapa Nyeri twalijua bila mkalimani. Wangari Maathai, mwanamazingira mzaliwa wa Ihithe, 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Kuni hazikukatazwa, zilitafutwa kwingine. Hicho ndicho kiasi, na sijaona mfano ulio bora zaidi. Baadaye mwenye shamba mpya aliukata mugumo ule ili apande chai, na kijito alichochezea Wangari utotoni kikakauka.