Mchango wa shule: uliza idhini na risiti

Wazazi wenzangu, mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa, mimi huuliza kwanza: yuko darasa gani? Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la kaunti. Kuanzia shule ya msingi ni mzigo wa Serikali Kuu, kwa hivyo gavana tumuulize ya chekechea kwanza.

Kwa sekondari, kila mwanafunzi wa shule ya umma alipangiwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa serikali inamudu 16,900 tu. Shule yenye wanafunzi 500, hapo imekosa shilingi 2,672,000. Mwalimu mkuu atazitafuta wapi kama si kwa mzazi? Na mvuvi msimu huu wa kusi, bahari imechafuka, atatoa nini?

Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, iko wazi: mchango katika shule ya umma lazima uidhinishwe na Waziri wa Elimu, risiti rasmi itolewe, na mtoto asizuiwe kusoma kwa kutolipa. Ukiambiwa ulipe, omba kuonyeshwa hiyo idhini.