Kokoto Rejelezwa

Jengo la zamani linapobomolewa Kampala, nondo, mabati na mbao huondoka mapema kwa sababu wanunuzi wake wapo. Matofali mazima nayo hupata wenyewe. Kinachobaki ni zege: vipande vya nguzo, mihimili na sakafu. Hivyo vyote huitwa kifusi na kupakiwa kwenye tipa.

Kifusi ni mabaki ya jengo, na pia ni chochote kinachomwagwa ili kujazia shimo. Kwa hiyo zege likishaitwa hivyo, safari yake imekwisha kupangwa. Kampala shimo hilo mara nyingi ni kinamasi. Kinamasi cha Nakivubo huchuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison, na ni katika ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa. Kulijazia kifusi eneo kama hilo ni kujidhuru. Jaa la taka nalo si kimbilio: lile la Kiteezi, lililopokea taka za jiji tangu 1996, liliporomoka Agosti 10, 2024 na kuua zaidi ya watu 30.

Wahandisi wana jina jingine la zege hilo likishasagwa, kwa Kiingereza recycled concrete aggregate, na kwa Kiswahili napendekeza tuliite kokoto rejelezwa. Muundo wake ni kama wa “lugha lengwa”: nomino ikifuatwa na shina la kitenzi cha kutendwa. Tuseme rejelezwa, si rejelewa, kwa kuwa kurejelea ni kutaja jambo lililokwisha semwa, ilhali kurejeleza ni kukirudisha kitu kilichotumika kwenye matumizi.

Kazi yenyewe haina siri. Zege huvunjwa na mashine, nondo zilizobaki ndani hutolewa kwa sumaku, kisha vipande huchekechwa kwa ukubwa, kwa kawaida kati ya milimita 5 na 20. Ukishika kokoto moja ya aina hii utaona jiwe la asili limegandwa na tabaka la kijivu la saruji na mchanga wa zamani. Tabaka hilo ndilo lenye matata. Lina vitundu vidogo vinavyonyonya maji, hivyo kokoto zisipoloweshwa kwanza zitayanywa maji ya mchanganyiko mpya na zege litakuwa gumu kufanyia kazi.

Istilahi ya Kiingereza hujumuisha chembe zote, mchanga ukiwemo. Neno kokoto linauacha mchanga nje, na hapo Kiswahili kimelenga vizuri zaidi, maana vumbi na chenga za zege kuukuu hunyonya maji kuliko vipande vikubwa na hudhoofisha mchanganyiko. Kiwango cha Uingereza, BS 8500, huruhusu vile vikubwa tu katika mchanganyiko wa kawaida wa zege, kwa kikomo cha asilimia 20 ya kokoto zote. Chenga zinafaa kujazia chini ya vibaraza vya kutembelea.

Tusiidai kokoto hii isichoweza kutoa. Saruji husababisha takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na kokoto rejelezwa haipunguzi sana saruji inayohitajika. Faida yake iko kwenye jiwe na safari: mlima unaosalia bila kulipuliwa, malori yanayopungua kwenye barabara ya Mukono, kinamasi kinachobaki kinamasi. Kampala inaujua uzito wa jiwe. Katika machimbo ya Kireka, wanawake wengi wao Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini wamevunja mawe kwa nyundo miaka mingi, wakilipwa kwa ujazo wa jerikeni. Siku mashine za kusaga zege zitakapoenea, watu hawa wawe wa kwanza kufunzwa kuziendesha, wakiwa na barakoa, kwani vumbi la zege huharibu mapafu.

Kabla ya mashine, hata hivyo, kuna jambo la kufanya kwenye eneo la ujenzi lenyewe. Zege lililochanganyika na jasi, udongo na vipande vya mbao halitoi kokoto za kuaminika, na jasi hasa huweza kulipasua zege jipya. Wewe unayebomoa nyumba Ntinda au Makindye mwezi huu, mwambie mkandarasi atenge zege peke yake, na uliandike hivyo kwenye mkataba: zege la kusagwa, si kifusi.