Kifaranga wa mfukoni: historia fupi ya Tamagotchi

Leo tuweke kando programu za kazini tuongee kuhusu ufugaji. Sisemi ng'ombe wala mbuzi. Nasema yule mnyama anayekaa mfukoni, anayekula betri, na anayekufa ukimsahau.

Nikiwa darasa la nne, binamu yangu alinipa kidude cha plastiki chenye umbo la yai. Kilikuwa cha kuiga tu, tena maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma pale nyumbani. Ndani aliishi kifaranga. Nilimlisha, nikamsafishia kinyesi, nikacheza naye. Mama akiniuliza kama nimempa paka maziwa, jibu lilikuwa hapana. Siku moja nilikiacha kitandani nikaenda shule. Niliporudi, kifaranga alikuwa amekufa. Nililia, kisha nikachukua kisu cha jikoni nikakifungua ili nione alikokuwa akiishi.

Mambo haya yalianzia Japani. Tarehe 23 Novemba 1996 kampuni ya Bandai iliingiza sokoni Tamagotchi, kazi ya Akihiro Yokoi wa kampuni ya WiZ na Aki Maita wa Bandai. Jina limeunganishwa kutoka neno la Kijapani la yai, tamago, na neno la Kiingereza la saa. Mwaka 1997 likafika Marekani na kwingineko, na shule nyingi zikalipiga marufuku kwa sababu lililia katikati ya somo. Mwaka huohuo Yokoi na Maita walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, ya uchumi, kwa kuwafanya watu watumie mamilioni ya saa za kazi kulea wanyama wasiokuwepo!

Sasa tuingie jikoni. Kioo cha Tamagotchi la kwanza kilikuwa na doti 32 kwa 16, yaani 512 tu, na vitufe vitatu. Prosesa yake ilikuwa ya biti 4, kwa hiyo tarakimu moja ndani yake huishia 15. Njaa ilipimwa kwa mioyo minne, na furaha vilevile. Saa yake ilitegemea kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Igawe namba hiyo kwa mbili mara 15, unapata sekunde moja kamili. Njaa basi ni namba inayopunguzwa kadiri muda unavyopita. Hakuna zaidi. Hata hivyo watoto waliomboleza. Kule Japani mnyama akifa ilionekana roho na kaburi. Toleo la nchi nyingine likaonyesha malaika.

Mimi sikuona roho wala malaika. Niliona betri mbili za saa, kibao cha kijani, na tone la gundi nyeusi iliyokauka juu ya chipu. Kifaranga wangu alikuwa chini ya tone lile, na kisu hakikunifikisha.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Natalie Silvanovich, mtafiti wa usalama wa kompyuta. Desemba 2012, kwenye mkutano wa wadukuzi wa 29C3 mjini Hamburg, alieleza alivyolichokoa Tamagotchi la kizazi kipya. Liliunganishwa na visanamu vya ziada vyenye kumbukumbu ndani. Yeye akatengeneza kibao chake mwenyewe kilichojifanya kisanamu, na baadaye akapitisha msimbo wake humo, na yai likatapika kumbukumbu yake. Prosesa yake ilikuwa ya ukoo wa 6502, ukoo uleule wa Apple II ya mwaka 1977.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu chini ya lile tone jeusi kuna kazi ya watu. Plastiki ikioza na hakuna aliyenakili msimbo, kazi hiyo inakufa, na safari hii hakuna kitufe cha kumwangua kifaranga mwingine. Wanaoiokoa mara nyingi ni watu wenye meza ndogo nyumbani, waya na subira.

Kwa hiyo ukiwa na kidude kilichokufa, usikitupe upesi. Tafuta bisibisi, ukifungue. Ila kwanza mpe paka maziwa. Yeye hana betri ya kubadilisha.