Mizani ya Pamba

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana akisema, "Mimi mikutanoni siendi, wakubwa wote ni walewale." Wazee humkemea, wakamwita mvivu au mtovu wa adabu. Kabla hatujamhukumu, natutazame yaliyopita Usukumani, nchi ya pamba, ambayo upande wake wa mashariki ndio Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, mkulima wa huko alilima, akapalilia, akavuna na kuchambua pamba yake, kisha akaipeleka kituoni kwa mnunuzi. Hapo neno la mwisho lilikuwa la mizani, na mizani ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Asiyejua kusoma namba aliambiwa uzito, akalipwa, akaondoka. Malalamiko ya kupunjwa yakaenea kila mahali. Nasi twajua kwamba dhuluma hiyo si ndogo: Sura ya 83 ya Qurani Tukufu yafunguliwa kwa kuwaonya wenye kupunja vipimo.

Je, wakulima wale walifanya nini? Hawakuketi barazani wakilaani tu. Walianza kuweka mizani yao wenyewe, ili mtu apime pamba yake kwa wenziwe kabla ya kumfikia mnunuzi. Aliyekwisha kuujua uzito wa haki hakudanganyika tena.

Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama. Mwaka 1952 kiliundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kiongozi wake, Paul Bomani, alikuwa hajatimiza miaka 30. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana katika Victoria Federation of Cooperative Unions, na kabla ya Uhuru ushirika huo ukawa ndio unaonunua pamba ya kanda yote. Kumbuka kwamba tangu 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi Usukumani. Kwa hiyo ushirika ulikuwa chuo ambamo watu walijifunza kuchagua viongozi na kuwauliza hesabu.

Wala jambo hilo halikuwa geni kwao. Tangu kale vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na jumuiya yao ya kulima kwa pamoja, chini ya mkubwa wao aitwaye nsumba ntale. Kijana alizoea utumishi wa umma kwa jembe kabla hajapewa kalamu.

Lakini historia haisemi mazuri tu. Mwaka 1966 tume ya serikali iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta ubadhirifu, na wanachama wengi wasiojua haki zao. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Waliokuwa wakilalamikia mizani ya mnunuzi wakajikuta wakilalamikia daftari la ndugu yao. Ubaya haukuwa katika rangi ya mtu aliyeishika mizani, bali katika kuachwa aishike peke yake bila ya kutazamwa.

Basi, kijana, shaka yako si dhambi. Wakulima wale nao walikuwa na shaka, na shaka ndiyo iliyowafanya waweke mizani. Dhambi ni kuifanya shaka kuwa godoro la kulalia. Usiyemwamini, mpime: hudhuria mkutano wa kijiji, taka usomewe mapato na matumizi, jua kura yako imekwenda wapi. Ukikaa nyumbani humwadhibu mwizi, wampunguzia shahidi.

Nanyi wazee na wenye vyeo, msimwambie kijana "tuamini" huku daftari limefungwa. Imani haitolewi kwa amri. Amana ni mzigo wa mwenye kupokea, naye ndiye apasaye kuonyesha kwamba hakuna kilichopungua. Msipoliona swali la kijana kuwa ni tusi, atakuja mkutanoni. Na mkilijibu kwa hesabu iliyo wazi, atarudi tena na wenziwe.

Mizani haijui mkubwa wala mdogo. Iwekeni mbele ya watu.